Ndimu Tatu za Bi Chiyoko

Anayetaka kujua Tumpe Mwakalinga alipita njia gani kufika nchi ya Korogani, habari hiyo hataipata hapa. Alikuwa ameketi kwenye kochi la sebuleni kwake Tukuyu, miguu juu ya stuli, mashine ya michezo ya binti yake mkononi, kisha hakuwa hapo. Hiyo inatosha. Barabara hazina maajabu. Maajabu ni watu na sheria zao.

Ila sababu ya safari lazima isemwe. Tumpe ana watoto wawili, ana diploma ya ugavi, na kwa miaka kumi na tisa amesimamia stoo ya chuo kimoja cha ualimu. Hakuna ndoo iliyowahi kupotea mikononi mwake. Jumatatu ile daktari alimpima presha mara tatu, kana kwamba haamini kifaa chake mwenyewe, halafu akasema, "Mama, nenda nyumbani ukapumzike wiki nzima. Ukirudi Jumatatu ijayo na namba kama hizi, nitakulaza."

Tumpe akapumzika. Siku ya kwanza alifua mapazia yote. Siku ya pili alihamisha kabati la vyombo. Siku hiyohiyo Mama Sekela, jirani yake wa upande wa pili wa ua, mjane aliyebaki peke yake tangu binti yake aolewe Songea, alimtumia ujumbe kuomba chumvi kidogo. Tumpe akaning'iniza pakiti nzima ya kilo moja kwenye geti la jirani, akamjibu kwa ujumbe, "Iko getini," akarudi kwenye kabati. Alijiona amesaidia sana, maana aliyeomba kijiko amepata kilo.

Siku ya tatu binti yake Atuganile, aliyekuwa likizo, akamnyang'anya brashi.

"Mama, kaa."

"Si nimekaa?"

"Umechuchumaa, mama. Unasugua sakafu."

Atu akamkalisha kwenye kochi, akamwekea mkononi mchezo aliokuwa akiucheza mwenyewe, wa Kijapani, wenye picha laini za rangi kama vitabu vya watoto.

"Hapa hakuna anayekukimbiza. Unatembea, unaokota majani, unapika kwenye chungu, unaangalia kitu gani kimetoka. Basi."

"Na nikishindwa?"

"Hakuna kushindwa."

"Sasa huo mchezo gani usio na kushindwa?"

"Ndiyo dawa yako hiyo. Bonyeza hapo."

Akabonyeza.

Korogani ni nchi ya vilima vya kijani na mito isiyo na haraka ya kufika popote. Ina lango moja. Langoni hukaa Bwana Sadao, mtu mwembamba mwenye miwani ya jicho moja, ambaye cheo chake ni Msomaji wa Tabia. Alimpokea Tumpe kwa kuinama, akamsomea sheria ya wageni, ambayo ni fupi.

"Kuingia, unaingia tu. Kutoka, utaniletea kitu kimoja ulichokipika kwa mkono wako nikisome. Nikikuta kina Utulivu, lango linafunguka."

"Na kisipokuwa nao?"

"Unapika kingine."

"Kwa muda gani?"

"Muda?" akauliza Bwana Sadao, kama mtu aliyetajiwa tunda la nchi ya mbali.

Tumpe akamweleza kwamba ana likizo ya ugonjwa ya wiki moja, ana nyumba, ana watoto, na Jumatatu ana miadi na daktari. Bwana Sadao akasikiliza hadi mwisho. "Kuingia, unaingia tu," akasema. "Kutoka, utaniletea kitu kimoja ulichokipika kwa mkono wako nikisome." Tumpe akauliza tena kwa njia nyingine. Akajibiwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile, na kichwa kikiinama mahali palepale. Ndivyo walivyo maofisa wote wa Korogani: kila mmoja ana jibu moja, na hulitoa bila kuchoka. Mgeni mwingine angeshtuka. Tumpe alikuwa amefanya kazi na watu wa namna hiyo miaka kumi na tisa. Akashika njia ya mjini.

Huko akaonyeshwa karakana ya Bi Chiyoko. Ndiyo karakana pekee ambamo mgeni anaruhusiwa kupika, na chungu chake kikubwa kinatosha kumwogeshea ndama. Bi Chiyoko alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mikono imejaa madoa ya majani, na kwenye jiko la pembeni alikuwa na chungu kidogo akikikoroga taratibu kwa mwiko mrefu.

"Unapika nini, bibi?" Tumpe akauliza.

"Sijui bado. Ni siku ya nane tu leo."

Bi Chiyoko akamfundisha jambo moja ambalo kazi yote ya nchi ile imejengwa juu yake. Kitu kinachopikwa Korogani hutoka na tabia ya mkono uliookota. Jani lililochumwa kwa hasira huleta chai ya hasira. Jani lililochumwa na mtu mwenye usingizi, atakayekunywa atasinzia. Kwa hiyo, alisema, kuokota ndiko kupika. Hayo mengine ni kukoroga tu.

"Nimeelewa," akasema Tumpe, ambaye alikuwa anatafuta kikapu kikubwa zaidi.

Sheria nyingine za nchi alizijua kadiri alivyotembea. Huko mtu yeyote anaruhusiwa kuingia nyumba yoyote na kufunua mitungi, na mwenye nyumba atamsalimia tu. Mkoba wa mtu hubeba vitu tisini na tisa vya kila aina na kitu cha mia hukataa kuingia. Sababu hakuna aijuaye, na tume iliyoundwa kuitafuta bado inatafuta. Vichakani wapo wanyama wanaoitwa madonge, laini kama uji ulioganda, wa duara, wanaodunda. Donge akikugonga, sheria inasema usubiri amalize, ndipo nawe umgonge mara moja, kisha usubiri tena. Watu wa Korogani waliipenda sana sheria hiyo ya zamu, wakaiingiza hata majumbani. Mke anasema lake hadi mwisho, wanakunywa chai, kisha mume anasema lake. Ndoa hazivunjiki, ingawa kulikuwa na ugomvi mmoja kuhusu paa linalovuja uliokuwa umeingia mwaka wa sita, na paa lilikuwa bado linavuja.

Halafu kuna Ubao wa Maombi. Umesimama katikati ya mji, na kila mwenye haja huandika. Fulani anaomba maua mawili ya bluu. Fulani anaomba jiwe la mtoni. Ombi la kwanza alilolisoma Tumpe lilikuwa hili: *Bi Chiyoko wa karakana anaomba ndimu tatu.*

Tumpe akarudi karakana. Nyuma ya nyumba palikuwa na mndimu, umezaa hadi matawi yameinama, na tawi moja lilikuwa karibu kuingia dirishani.

"Bibi, mbona ndimu ziko hapo?"

"Ninaziona."

"Mguu unakuuma?"

"Hauniumi."

"Basi?"

"Basi naomba ndimu tatu," akasema Bi Chiyoko, akaendelea kukoroga.

Mtu mwenye diploma ya ugavi hawezi kuona jambo kama hilo akalala. Tumpe alirudi kwenye ubao na kalamu. Maombi yalikuwa arobaini na moja. Ishirini na sita yalikuwa ya vitu vilivyokuwa hatua chini ya ishirini kutoka mlangoni kwa mwombaji. Palikuwa na mzee aliyekuwa akiomba maji ya kisima, na kisima kimo ndani ya uwanja wake. Wananchi walikuwa wakitembea mji mzima kupelekeana vitu walivyokuwa navyo, wakiketi kila nyumba, wakinywa kila chai, na ombi la Jumanne lilikuwa likitimizwa Jumapili.

Akachora jedwali. Akagawa nchi katika kanda nne. Akaokota kwa mikono miwili, kilima baada ya kilima, tisini na tisa ya kila kitu, bila kuinua kichwa. Akapanga vikapu uwanjani, kila kimoja na jina lake, akaandika juu yake: *Kituo cha Ugawaji. Njoo, chukua, nenda.* Vya wazee akawapelekea mlangoni. Kwa Bi Chiyoko aliweka ndimu thelathini, akagonga mara moja, na kabla mlango haujafunguka alikuwa ameshapinda kona.

Baada ya siku mbili, ubao ukabaki mtupu. Haujawahi kuwa mtupu tangu nchi iumbwe.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Katibu wa Baraza, Bwana Gorobei, mtu mnene mwenye mihuri kumi na miwili ambayo hakuwahi kupata pa kuipiga. Alilitazama lile jedwali kama mtu anavyomtazama mjukuu wa kwanza.

"Bi Tumpe, hii mistari uliichora kwa rula?"

"Kwa rula."

"Tumekungoja miaka mingi," akasema Katibu, na macho yake yalikuwa na machozi.

Wakati huo Tumpe alikuwa ameshapika. Kutokana na majani aliyookota alitengeneza chai ya nguvu, lita nyingi, na kikombe cha kwanza akakipeleka langoni, akiwa na hakika kwamba anaondoka. Bwana Sadao akavaa miwani yake ya jicho moja, akainamia kikombe.

"Haraka," akasoma.

"Na nini kingine?"

"Haraka," akasoma tena. "Hadi chini kabisa."

Tumpe hajawahi kumwaga chakula. Akairudisha chai yote mjini, akaiweka kwenye Kituo cha Ugawaji, watu wakanywa. Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa ambalo mtu mvivu asingeweza kulifanya.

Kesho yake mwokaji alitoa mikate kabla haijaiva, akawagombeza wateja kwa kutafuna polepole. Wale wenye paa linalovuja walisema wote kwa zamu moja, na kabla ya adhuhuri ugomvi wa miaka sita ulikuwa umekwisha, kwa sababu mke alikuwa amehama. Kituoni watu walipanga foleni, ya kwanza katika historia ya Korogani, na nusu saa haikupita mtu akairuka. Hata madonge, waliolamba vikombe vilivyoachwa, walikuwa wakigongana wenyewe kwa wenyewe bila kungoja zamu.

Bwana Gorobei alikuwa amekunywa vikombe vitatu. Alipeleka Barazani mswada wa kurasa tisa ulioitwa Sheria ya Siku ya Mwisho. Kila kinachopikwa kiishe ndani ya siku tatu. Karakana itakayozidisha itafungwa na kupigwa muhuri. Wote walijua karakana gani inasemwa. Chungu kidogo cha Bi Chiyoko kilikuwa katika siku ya kumi na moja.

Na Tumpe, ambaye alizoea kusoma masharti hadi mstari wa mwisho, aliliona la kwake upesi. Karakana hiyo ikifungwa, hakuna mgeni atakayepika tena. Asipopika, lango halifunguki.

Baraza la Korogani lina wajumbe saba, Katibu akiwa mmoja wao, na hukaa mchana uwanjani. Mjadala ulianza na Katibu mwenyewe.

"Wageni wakija hutuuliza tumefikia asilimia ngapi," akasema. "Asilimia ngapi ya nini? Hatujui! Mimi naona aibu. Nchi isiyo na mwisho wa kazi itajuaje nani wa kwanza?"

"Wa kwanza katika nini?" akauliza mjumbe mmoja mzee.

"Hilo litaamuliwa na kamati."

Yule mzee akasubiri zamu yake, ingawa wengine walikuwa wameshaanza kupiga vidole mezani. "Sheria hii tulikuwa nayo enzi za babu yangu," akasema. "Watu walifika mwisho wa safari bila kuiona nchi. Na aliyechelewa siku moja alirudishwa mwanzo kabisa, na mvi zake, kuanza tena kujifunza kuwasha jiko. Babu alirudishwa mara nne. Alikufa anajua kuwasha jiko vizuri sana."

"Muda umekwisha!" akapiga kelele mjumbe wa tatu, ambaye naye alikuwa amekunywa.

"Muda ndio nini?" akauliza mzee.

Wakakubaliana jambo moja tu, kwamba kesho adhuhuri atasikilizwa mtaalamu, kisha watapiga kura. Mtaalamu alikuwa Tumpe. Jedwali lake lilikuwa limeshatundikwa nyuma ya kiti cha mwenyekiti, ndani ya fremu.

Aliondoka pale uwanjani moyo ukimdunda mpaka shingoni, vilevile kama kazini wakati wa ukaguzi. Akaenda moja kwa moja karakana.

"Bibi, wanataka kukufungia. Mbona hukuja kusema?"

"Sijaombwa." Bi Chiyoko hakuacha kukoroga. "Kaa, mwanangu."

"Sina muda wa kukaa. Niambie kitu kimoja. Zile ndimu, kwa nini hukuchuma mwenyewe?"

Bi Chiyoko akaegemeza mwiko, akafuta mikono. Juu ya meza kulikuwa na kikapu cha ndimu thelathini, hakijaguswa. Kando yake kulikuwa na vikombe viwili vimefunikwa kitambaa.

"Tangu ulete vikapu vyako, kila mtu amepata alichoomba," akasema. "Sikulaumu, hesabu yako haikosei. Ila tangu siku ile hakuna aliyeingia kupitia mlango huo. Hata wewe uligonga, nikasikia miguu tu. Nilikuwa nimetenga vikombe." Akaketi. "Nikichuma ndimu mwenyewe, Bi Tumpe, mtu atapita kwangu kwa sababu gani?"

Alichokiona Tumpe kichwani kilikuwa pakiti ya chumvi ikining'inia kwenye geti la Mama Sekela. Kilo nzima.

Asubuhi yake alitoka na kikapu kwenda kuokota majani ya Utulivu. Alijiandalia ratiba: saa mbili hadi saa tatu, kutulia, saa tatu hadi saa nne, kupika. Alitulia kwa nguvu zake zote. Alirudi, akachemsha kikombe kimoja, akakikimbiza langoni.

"Haraka," akasoma Bwana Sadao. "Imevaa kanzu."

Tumpe akapanda kilima cha pili akiongea peke yake, maneno ambayo mama mwenye heshima zake hapaswi kuyasema. Juu ya kilima palikuwa na kijito na majani ya bluu yaliyosimama pembeni yake. Akainama kuchuma. Hapo donge mmoja, mdogo, mwenye rangi ya waridi, akatoka kichakani akidunda, akamgonga goti. Tumpe akanyanyua fimbo. Lakini donge alikuwa amechoka na mbio za siku mbili. Akajilaza juu ya mguu wake wa kushoto, akasinzia.

Zamu ilikuwa bado ya donge, na sheria ni sheria. Tumpe ni mtu wa kufuata taratibu. Hata nchini kwake hajawahi kupita kwenye taa nyekundu. Akamsubiri aamke. Hakuamka. Akaketi chini kwa uangalifu, mguu mmoja umenyooshwa na lile toto zito la uji ulioganda juu yake, likikoroma.

Kwanza alihesabu majani. Yalikuwa mengi akaacha. Halafu akatazama kijito. Maji yalikuwa yakizunguka jiwe moja jeusi, yanatengana, yanakutana. Upepo ukipita, majani ya bluu yaligeuka upande wa chini, na upande huo ulikuwa wa fedha. Siku zote alizoyachuma hakuwahi kuuona. Ng'ambo ya bonde palikuwa na magofu ya mnara, na juu ya mnara mti, na kwenye mti ndege wakubwa weupe wasiofanya chochote. Alijiuliza nani aliujenga mnara huo. Hakutafuta jibu. Mabega yake, ambayo tangu mwanawe wa kwanza azaliwe yalikuwa yamekaribia masikio, yakashuka kidogo. Akayasikia yakishuka. Akapiga mwayo mrefu, na mwayo ule ulimtoa machozi.

Donge alipoamka, alimtazama, akadunda zake. Zamu ikawa ya Tumpe. Akachuma vichipukizi vitatu, akanusa kila kimoja, akateremka.

Walipika pamoja, yeye na Bi Chiyoko. Walizungumza mambo ya watoto, na jinsi miguu inavyovimba wakati wa joto, na Bi Chiyoko akamsimulia uongo mmoja mrefu kuhusu mume wake na mbuzi, wakacheka mpaka mwiko ukadondokea ndani. Wakakamulia ndimu tatu. Kati ya thelathini, tatu. Chai ikatosha vikombe nane. Kimoja Tumpe akakichukua hadi langoni, akitembea tu.

Bwana Sadao akainama.

"Utulivu," akasoma. "Na ndimu." Akaweka mkono kwenye komeo. "Karibu tena Korogani."

Lango likaachia upenyo. Tumpe akaiona sebule yake, stuli, pazia lililofuliwa. Jua lilikuwa karibu utosini. Uwanjani kengele ya Baraza ilikuwa inaanza kulia.

"Nikirudi mjini kwanza, lango litaningoja?"

"Kutoka, utaniletea kitu kimoja ulichokipika kwa mkono wako nikisome."

"Yaani nipike tena."

Bwana Sadao akainamisha kichwa.

Akafikiri habari ya vikombe saba vilivyobaki karakana, na wajumbe saba. "Haya," akasema. "Nitapika tena. Haina haraka."

Akashtuka kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake. Hata Bwana Sadao alivua miwani.

Barazani, Katibu alimtangaza kwa sifa nyingi. Tumpe hakutaka kiti.

"Mimi nina maneno machache," akasema. "Nchi hii haina tatizo la kuchelewa. Ina tatizo la chai yangu. Majani nilichuma mimi, kwa haraka, mkanywa ninyi, na sasa mnataka kuifanya sheria. Jedwali ni zuri, nililichora mimi. Ni zuri kwa stoo. Lishusheni hapo, huyu mama si stoo." Akamwonyesha Bi Chiyoko, aliyekuwa anagawa vikombe. "Kabla ya kura, kunyweni hii."

"Kanuni hairuhusu kunywa kabla ya..." akaanza Bwana Gorobei.

"Bwana Katibu. Kunywa."

Alikuwa ametumia sauti ile ambayo Atu na kaka yake waliijua. Bwana Gorobei akanywa.

Wajumbe wakanywa hadi nusu. Mmoja akasema kumbe leo kuna upepo mzuri. Mwingine akamuuliza yule mzee, babu yake alikuwa anawashaje jiko hasa, na mzee akaeleza, na hakuna aliyemkatiza. Bwana Gorobei aliuangalia muhuri aliokuwa ameushika, akauweka mezani, akauliza kwa sauti ndogo kama kuna anayehitaji kitu kutoka bustanini kwake, maana hajatembelewa tangu apewe ukatibu.

Mswada haukukataliwa. Uliahirishwa hadi tarehe itakayotajwa, na Korogani hakuna kalenda. Tumpe alitambua namna hiyo ya kuzika jambo; kwao pia ipo. Lakini hajawahi kuiona ikitumika vizuri namna ile.

Wananchi walilala usingizi mzuri, na Haraka ikawatoka kwa jasho. Mke wa lile paa alirudi kuchukua zamu yake. Asubuhi ubao ulikuwa na maombi hamsini na matatu, na la kwanza lilikuwa la Bwana Gorobei, akiomba mchicha, fungu moja, mtu aulete mwenyewe.

Baada ya hapo Tumpe aliishi Korogani jinsi Atu alivyomwambia. Alitembea hadi kwenye magofu, akaingia pango lenye mawe yanayong'aa, akatoka na mawe manne mabaya yasiyo na kazi, akayapenda. Alipika kitu kilicholipuka, na kingine kilichogeuka mto wa kulalia. Chungu kidogo cha Bi Chiyoko kiliiva siku ya kumi na sita. Ndani yake mlikuwa na kikombe kidogo cha manjano, cha tatu, cha kuwekwa kando ya vile viwili vya mezani.

Siku aliyojisikia kuondoka alipeleka langoni chupa ya achari ya ndimu.

"Utulivu," akasoma Bwana Sadao. Akaonja. "Chumvi imezidi." Lango likafunguka.

"Mama, umecheza saa nne mfululizo," alikuwa anasema Atu. "Chai yako imepoa."

Tumpe akaweka mashine juu ya stuli. Jumatatu daktari angemfunga kitambaa cha kupimia presha mara moja tu, asome, na kumruhusu aende nyumbani. Hilo Tumpe hakulijua bado, ila mabega yake yalikuwa yanajua. Akasimama, akavaa kandambili.

Atu akakimbilia kuficha ufagio. "Unaenda kufua nini tena?"

"Naenda kwa Mama Sekela kuomba ndimu tatu."

"Mama! Si tuna mti mzima hapo nyuma?"

"Ninauona."

Alibisha hodi na hakuondoka. Ilichukua muda kabla mlango haujafunguka. Mama Sekela alichungulia, akamtazama jirani yake, kisha akatazama juu ya ua, ambako mndimu wa Tumpe ulionekana wote, na ndimu zake.

"Ugonile, Mama Atu. Kuna tatizo?"

"Hakuna. Nimekuja kuomba ndimu tatu."

Mama Sekela akautazama tena ule mti. Akafungua mlango wote.

"Basi ingia ukae," akasema. "Hizo ndimu itabidi nizitafute."